Oili Chafu kwenye Sahani Nyeupe

Watu hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na nywele nyeusi kichwani na mikono ya bibi kizee. Ngozi ya vidole vyangu imepasuka, ikapona, ikapasuka tena, hadi daktari akaniambia nichague kati ya oili na mikono. Nilimwomba muda wa kufikiria. Akaniuliza nafikiria nini hasa.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki kwenye karakana yetu pale Zombe, na wengine mnaofungua injini chini ya mabati popote Ukambani. Nataka mpate nilichofundishwa kabla sijaanza kukisahau. Mtanivumilia. Nimeandika ukurasa huu wa kwanza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na bado naona una kasoro.

Nilizaliwa Malili, na sikusomea ufundi popote. Nilijifunzia kwenye pikipiki ya kaka yangu, alipokuwa akiiacha nyumbani na kwenda Nairobi kutafuta vibarua. Mwalimu wangu alikuwa video za simu, nyingi zikiwa za Kihindi, lugha ambayo sijui neno lake hata moja. Nilifungua kabureta juu ya gazeti, nikachora kila skrubu pale ilipotoka, nikaifunga. Halafu niliifungua tena kwa kuhisi kwamba nimekosea. Sikuwa nimekosea. Kaka alirudi akakuta pikipiki inawaka kwa teke moja, akamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nikijiuliza kama nilikaza ile skrubu ya mwisho.

Shangazi yangu, mwenye duka Zombe, ndiye aliyenipeleka kwa Fundi Muthengi. Fundi alikuwa mtu wa makamo, shemasi kanisani, mwenye ovaroli ya buluu iliyokuwa imepauka magotini. Waendesha boda walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinywa chai na kungoja pikipiki zao.

"Unajua nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima. Nikamtajia kabureta, klachi, plagi, waya za taa, kupima valvu. Alisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akachukua sahani nyeupe ya chakula, ile ya bati yenye ukingo wa buluu, akaiweka chini ya injini iliyokuwa karibu, akalegeza bolti ya chini na kuacha oili kidogo idondoke.

"Hii inasema nini?"

Nikaitazama. Ilikuwa nyeusi. "Inasema imezeeka, Fundi."

Benchi zima likacheka. Mmoja akasema, "Huyu amekuja kuangalia oili ama kumwangalia Fundi?"

"Hata mimi nimezeeka," Fundi akasema, bila kucheka, "na siumwi. Kuja hapa, mwiitu." Hivyo ndivyo alivyoniita hadi mwisho, mwiitu, binti, hata mbele ya wateja waliodhani mimi ni wake wa kumzaa.

Akainamisha sahani upande wa jua. Oili ikateleza, ikaacha utando mwembamba kwenye weupe, na ndani ya utando huo nikaona vitu ambavyo sikuwahi kuonyeshwa kwenye simu. Kulikuwa na vumbi laini la fedha. Kulikuwa na chembe moja nyeusi kama masizi. Akapitisha kidole, akasugua kwa dole gumba, akanusa. "Nyeusi si ugonjwa," akasema. "Nyeusi ni kazi. Imefanya kazi, imebeba uchafu, imechoka. Ugonjwa uko kwa vitu vingine."

Vitu hivyo vingine ndivyo ninavyowaachia hapa, kwa sababu naona wengine wenu mnaimwaga oili kwenye debe bila hata kuitazama. Washa injini kwanza ipate moto kidogo, oili iamke na kubeba kilicholala chini. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Msimu wa mvua, mito yetu ya mchanga inapopata maji, vijana huvuka bila kushuka ili abiria asiloe viatu, na injini ndiyo inayokunywa. Vumbi laini linalong'aa kwenye injini mpya lisikutie hofu, vyuma vinazoeana. Lakini ukihisi chembe zinazokwaruza kidole, chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, uipitishe chini ya sahani. Chembe zikiifuata, ni chuma, tafuta beringi au gia. Zisipoifuata, huenda pistoni inaliwa, na hapo mwambie mwenyewe akae kwanza kabla ya kumpa habari. Oili ikipungua na hakuna mahali inapovuja, inaungua ndani, angalia ringi za pistoni. Na kuna mambo mawili ambayo Fundi aliyajua kwa pua kabla ya kitu kingine chochote. La kwanza ni petroli iliyoingia kwenye oili. La pili ni klachi iliyoungua, harufu kali kama ya ukwato wa mbuzi motoni, ya mtu anayepandisha mlima na magunia ya makaa huku ameishika klachi nusu.

Pua yake ilikuwa na jina hadi Mutito. Siku ya soko, mtu akitaka kununua pikipiki kuukuu, alimleta muuzaji pale karakana ili oili idondoshwe kwenye sahani mbele ya wote. Wauzaji wakawa wajanja, wakaanza kubadilisha oili siku moja kabla. Nakumbuka mmoja, bwana mwenye kofia ya ngozi, oili yake ilidondoka safi kama asali.

"Umeiosha ndani, ama?" Fundi akamuuliza.

"Nilibadilisha kwa heshima yako, Fundi."

"Heshima hiyo ungeniletea na ile ya zamani kwa chupa."

Yule bwana akaanza kufunga kofia yake vizuri ingawa haikuwa imelegea. Fundi akanigeukia mimi, kama vile yule bwana hayupo. "Mwiitu, ukiona oili mpya kwenye pikipiki kuukuu, usihangaike na injini. Muulize mwenyewe anaogopa nini."

Tangu hapo ikawa desturi ya soko letu. Anayeuza pikipiki anakuja na chupa ya oili chafu mkononi, kama mgonjwa anayekwenda maabara. Wageni hushangaa. Ninyi msiiache desturi hiyo.

Sasa nafika mahali ambapo kuandika kunakuwa kugumu.

Mwaka mmoja homa ilipita hapa, ikalaza karibu kila nyumba. Fundi alilala pia, akapona, akarudi kazini akiwa amekonda kidogo. Aliendelea kama kawaida. Aliweka sahani, akasugua, akanusa, akatoa hukumu. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo. Mama wa chai, jirani yetu, aliacha maziwa yakafurika kwenye jiko na kuungua, watu wote wakaziba pua wakikohoa, na Fundi, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na jiko, akaendelea kuchagua nati kwenye kopo. Nilijiambia amezama kwenye kazi. Mimi ni mtu wa kuogopa mambo ambayo hayapo, kwa hiyo nimejifunza kutojiamini ninapoogopa.

Kisha akaja Abdi. Abdi ni mfanyabiashara wa mbuzi, kutoka familia za kaskazini mashariki, na kazi yake ilikuwa kwenda na kurudi barabara ile ndefu ya kuelekea Tana, akiwa na mbuzi wamefungwa nyuma. Ni barabara ambayo ukikwama, unaweza kungoja hadi jua lizame bila kuona mtu. Alitaka oili ibadilishwe aondoke.

Nililegeza bolti, na kabla sahani haijapata tone la pili nilisikia petroli. Nilikuwa nimesimama, sikuwa nimeinama, na bado iliniingia puani. Fundi akachukua sahani, akasugua, akaileta usoni. Akavuta pumzi ndefu, ile yake ya siku zote, macho yamefumbwa.

"Iko sawa," akasema. "Weka mpya, aende."

Oili iliyochanganyika na petroli haishiki chuma. Inakuwa nyepesi kama maji, pistoni inapata moto, inakwama, na gurudumu la nyuma linafunga ukiwa katikati ya mwendo. Na hata tukiweka mpya, petroli ingeingia tena humo njiani. Akilini nilimwona Abdi na mbuzi wake wamekwama kwenye barabara ile. Nikamwona pia Fundi. Benchi lilikuwa limejaa. Mtu mwenye jina kama lake, akiambiwa na msichana wa Malili mbele ya watu kwamba hasikii harufu, angekwenda wapi kesho yake?

Nikashika kifuniko cha mahali pa kujazia oili, kile chenye kijiti cha kupimia. Kabla ya kulegeza bolti nilikuwa nimepima, kama ninavyopima kila kitu, na kile kijiti kilikuwa bado na alama.

"Fundi," nikasema, "naomba unionyeshe kitu. Oili ilikuwa imepita mstari wa juu. Ni kawaida iongezeke yenyewe?"

Akakichukua kijiti. Akakitazama. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kijiti. Mwisho akainamisha sahani tena, na safari hii aliangalia jinsi oili ilivyokimbia kwenye weupe, haraka, bila kuacha utando.

"Oili haizai," akasema polepole. "Abdi, ukiegesha unafunga koki ya petroli?"

"Koki? Mimi nafunga mbuzi, Fundi. Koki itaenda wapi?"

Watu wakacheka. "Shuka chini ya mabati, unywe chai," Fundi akamwambia. "Mwiitu, fungua kabureta."

Sindano ya kabureta ilikuwa imelika, haifungi. Tukaibadilisha, Abdi akaenda zake na kurudi salama, akatuletea maziwa ya ngamia ambayo Fundi aliisifu harufu yake kwa maneno mengi mno. Ndipo nilipojua kwa hakika.

Sikumwambia. Badala yake nilianza kazi ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya. Nilitafuta, kwa kila jambo alilokuwa akilijua kwa pua, alama ambayo jicho linaweza kuiona, ili nimwekee mbele yake aipate mwenyewe. Kwa petroli kuna kiwango kinachopanda, na utando unaokosekana. Tone moja kwenye karatasi ya choo pia husema, kwa sababu linatapakaa upesi na kuacha duara la maji maji pembeni. Kwa klachi nilihangaika zaidi. Mwishowe niligundua kwamba oili ya klachi iliyoungua, ukiiacha itulie kwenye kikombe cha kioo, huweka chini mashapo laini ya rangi ya kahawia. Nilianza kufika asubuhi kabla yake ili nitoe oili mapema na kuiacha itulie. Nilimwambia natafuta utaratibu mzuri. Alinisifu kwa wateja. "Huyu anapenda mambo kwa mpango," alisema. Nilikuwa nikiogopa kila siku kwamba nitakosa moja, na itakuwa ile moja.

Wakati huohuo mikono yangu ilikuwa inaanza kunisaliti. Iliwasha, ikavimba, ikapasuka kwenye viungo, na nikawa siwezi tena kuhisi chembe ndogo kwenye oili. Nilificha kwa glavu, kisha kwa mafuta ya kujipaka, kisha kwa uongo. Fundi yeye hakuzungukazunguka. Siku moja alinishika kifundo cha mkono, akaugeuza, akautazama kama anavyotazama gia iliyovunjika.

"Tangu lini?"

"Si kitu, Fundi."

"Mkono si kitu? Haya, kuanzia leo wewe usiguse. Leta nikugusie."

Na ikawa hivyo. Kila sahani alisugua yeye na kuniambia: laini, ina mchanga, ina chuma. Mbele ya benchi, bila aibu, kana kwamba kumwazima mtu vidole ni jambo la kawaida. "Leta nikugusie," alisema, mara nyingi kwa siku. Na mimi nilikuwa nimesimama kando yake nikinusa kimyakimya, nikitafuta njia ya kumwambia nilichosikia bila kumwambia. Wakati mwingine tulikuwa wawili tumeinamia sahani ile moja, na nilifikiri, sasa. Sema sasa. Halafu mteja akaita.

Fundi Muthengi alifariki asubuhi moja ya kiangazi, nyumbani kwake, akichota maji kwenye tangi. Moyo, walisema. Vijana wa boda walisindikiza jeneza kutoka kanisani, msururu mrefu, honi zikilia, injini zikiungurumishwa jinsi wanavyofanya kwa mtu wao. Kwenye mwinuko wa mwisho nikasikia klachi ikiungua, mahali fulani mbele yangu, kali kabisa. Nikageuka ili nimwambie Fundi. Hapo ndipo nilipolia. Kabla ya hapo nilikuwa nikihesabu viti na kuhofia chakula.

Niliendelea na karakana kwa muda, mnajua. Kisha ndipo yakaja maneno ya daktari. Wiki yangu ya mwisho pale, mke wa Fundi, Mama Ndunge, alikuja akisukuma pikipiki ya Fundi kwa mkono. Alikataa kumwachia kijana yeyote aiendeshe. Mtoto wao angekuja kuichukua aende nayo Makindu, anakofanya kazi.

"Mwikali, mwanangu, iangalie kwanza," akasema. "Nisimpe mtoto kitu kibovu."

Mnajua hakuna aliyeruhusiwa kuigusa pikipiki ile. Fundi aliihudumia mwenyewe, nyumbani, na nilidhani ni maringo ya fundi. Nilivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine. Niliiwasha, ikapata moto. Nikaweka sahani, ile ile, nikalegeza bolti.

Oili ikatoka ya rangi ya asali.

Nilifikiri macho yananidanganya. Nikaiinamisha juani. Hakuna weusi, hakuna chembe, hakuna kitu. Ilikuwa pikipiki ya zamani, kuukuu kuliko zote pale Zombe, yenye kilomita ambazo kipimo chake kiliacha kuhesabu, na oili ndani yake ilikuwa kana kwamba imemiminwa juzi.

"Mama, nani alibadilisha oili hii?"

"Nani tena? Mwenyewe." Akakaa kwenye benchi, akavua leso ya kichwani na kujipepea. "Ile wiki yake ya mwisho. Alikuwa anabadilisha kila Jumapili, akitoka kanisani tu, hata hajala. Namwambia, Baba Ndunge, si unamwaga kitu kizuri? Ananiambia niwache."

"Kila Jumapili?"

"Tangu ile homa." Akaikunja leso mapajani. "Wewe unajua alikuwa hasikii harufu, si ndiyo?"

Nikaishika sahani kwa mikono miwili.

"Alijua unajua," akasema. "Alikuwa anakuja nyumbani anacheka. Ananiambia, leo mwiitu amenionyesha kijiti, leo ameniwekea kikombe. Yule msichana ananinusia za wateja wote na anafikiri mimi ni mjinga." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Nikamwambia, basi na hii yako mpelekee. Ni kuomba tu. Akakataa. Akasema kazi ni kazi, lakini hii yake anaona haya kumwambia mwiitu, ninusie. Heri abadilishe tu, asiwe na wasiwasi njiani."

Akainuka, akasema anaenda kusalimia mama wa chai, arudi. Nadhani aliona uso wangu.

Nilibaki na sahani mkononi. Nilikumbuka Jumapili zote nilizopita nje ya ua wao nikielekea kwa shangazi, nikimwona ameinama kando ya pikipiki, nikampungia mkono na kupita. Yeye alinishika mkono mbele ya watu akasema leta. Mimi nilikuwa na pua nzima, na nilichompa nilimpa kwa kuibia.

Oili ilikuwa nzuri mno kumwagwa. Nitaichuja kwa kitambaa safi, nikajiambia, niirudishe, mtoto aende nayo Makindu. Lakini kwanza nilivua glavu. Nikachovya kidole kilichopasuka, ikawasha, nikasugua, ingawa nilijua sitahisi kitu. Kisha nikaileta sahani usoni na kuvuta pumzi ndefu, macho yamefumbwa, jinsi alivyokuwa akifanya yeye.

"Haina petroli, Fundi," nikasema. "Wala haijaungua."